Hofu ya sukari isimwangamize mgonjwa wa moyo

WENGI wetu tunaamini kwamba mgonjwa wa kisukari huishi maisha marefu kadiri sukari iliyo katika damu yake inavyoteremshwa. Imani hii imekita mizizi mijini na vijijini, na hata watu waliosoma huishikilia bila kuihoji. Mtu akishaambiwa hospitalini kwamba ana kisukari, jamaa zake humwondolea sukari ya chai, kisha ndizi, kisha nduma, kisha mukimo, hata ikafika siku anabakishiwa mboga za majani na maji. Kipimo kikisoma kidogo, nyumba nzima hufurahi. Kikisoma kidogo zaidi, furaha huzidi.

Kwa mgonjwa mwenye kisukari peke yake imani hiyo ina ukweli ndani yake, ingawa si ukweli mzima. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake nao umedhoofika, imani hiyo hiyo yaweza kumharakisha kaburini. Hilo ndilo jambo ambalo makala haya yanakusudia kulijadili, na yanawaelekea hasa walimu na wanafunzi, maadamu wao ndio wanaosomewa karatasi za hospitali na kuulizwa maana yake pindi mzee anaporudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Nitatoa mfano wangu katika mji wa Maua. Mji huu wa Igembe, uliopo katika milima ya Nyambene kaskazini mashariki mwa mji wa Meru, unajulikana kote kwa biashara ya miraa. Lakini kwa wakazi wa Laare, Mutuati na Kangeta, kwenda Maua kuna maana nyingine pia: ni kwenda kutafuta matibabu. Hospitali ya Wamethodisti iliyo hapo, ambayo wamishonari waliianzisha kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, imehudumia babu, baba na wajukuu. Hata hivyo, anayemhitaji daktari bingwa wa moyo huenda akalazimika kusafiri hadi Nairobi, na si kila mtu ana nauli, seuze fedha za vipimo.

Tumfikirie basi mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 64, mkazi wa kijiji kimojawapo cha milima hiyo. Amekuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi na kisukari kwa miaka minane. Sasa miguu yake imeanza kuvimba jioni. Akipanda mlima mdogo kutoka barabarani hadi nyumbani, husimama mara tatu kutafuta pumzi. Usiku hawezi kulala chali. Huweka mito miwili, na wakati mwingine huamka akihema kama mtu aliyezama majini. Hospitalini anaambiwa kwamba moyo wake unashindwa. Anarudi nyumbani na maradhi mawili, dawa za namna sita, na swali moja ambalo hakuna aliyemjibu: je, sukari yake yapaswa kuwa kiasi gani ili aishi?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa kwanza tuelewane kuhusu maneno. Moyo kushindwa si moyo kusimama. Ni hali ambayo moyo bado unapiga, lakini hauna nguvu za kutosha za kusukuma damu kulingana na mahitaji ya mwili. Damu hujilundika, maji huvuja na kujaa miguuni, tumboni na katika mapafu. Figo nazo, zikipata damu chache, hudhani kwamba mwili umekosa maji, kwa hiyo huhifadhi chumvi na maji zaidi. Hivyo kosa la kiungo kimoja huongezwa na kosa la kingine. Hata katika nchi tajiri, karibu nusu ya wagonjwa wa namna hii hufariki katika muda wa miaka mitano tangu ugonjwa utambuliwe.

Kisukari na moyo kushindwa ni maradhi yanayobebana. Mwaka 1974, wachunguzi waliokuwa wakiwafuatilia wakazi wa mji wa Framingham, nchini Marekani, walitangaza kwamba wanaume wenye kisukari walikuwa katika hatari ya moyo kushindwa iliyozidi mara mbili ile ya wenzao, na wanawake wenye kisukari hatari yao ilikuwa mara tano. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya damu, huziumiza figo na kuifanya misuli ya moyo kuwa migumu. Kwa upande mwingine, moyo ukishindwa, mwili huingiwa na taharuki, humwaga homoni za hatari, na homoni hizo huliamrisha ini litoe sukari huku zikizuia insulini isifanye kazi yake. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo ambaye hajawahi kuwa na kisukari aweza kukutwa na sukari nyingi siku anapolazwa.

Huku kwetu tatizo hili lina sura yake. Uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulichapishwa mwaka 2012. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, ilhali Ulaya na Marekani wagonjwa wa aina hiyo aghalabu huwa wametimiza miaka 70. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, wala si mishipa ya moyo kuziba kama ilivyo ughaibuni. Takriban mmoja kati ya kila tisa alikuwa na kisukari. Katika miezi sita, karibu wagonjwa 18 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki. Ni dhahiri kwamba ugonjwa huu huku kwetu unamwondoa mtu ambaye bado analipa karo ya watoto wake.

Sasa turejee kwenye swali la mwalimu wetu. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanajeshi wastaafu 5,815 waliokuwa na kisukari na moyo kushindwa kwa pamoja. Waliwagawa katika mafungu matano kulingana na kipimo kinachoitwa HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu. Wangalikuwa wa imani tuliyoitaja mwanzoni, wangalitarajia fungu lenye sukari ya chini kabisa liwe na vifo vichache kuliko yote. Haikuwa hivyo. Baada ya miaka miwili, vifo vichache zaidi vilikuwa katika fungu la katikati, la wagonjwa waliokuwa na kati ya asilimia 7.1 na 7.8. Waliokuwa juu walikufa kwa wingi zaidi, na waliokuwa chini nao vilevile. Mwalimu wa hisabati akiyachora matokeo hayo ubaoni atapata mstari unaoshuka, unaofika bondeni, kisha unapanda tena.

Mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo lililowashtua waganga duniani. Huko Marekani na Kanada, watu 10,251 wenye kisukari na walio katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa kawaida. Jingine lilitibiwa kwa nguvu ili HbA1c ishuke chini ya asilimia 6, kiwango cha mtu mzima wa afya. Februari 2008 tiba hiyo kali ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kundi lililoteremshwa sukari kwa nguvu walikuwa wamekufa watu 257, na katika kundi la kawaida 203.

Hapa wanafunzi wa sayansi hawana budi kuwa waangalifu. Mambo mawili kuandamana hakumaanishi kwamba moja limelizaa jingine. Miongoni mwa wale wanajeshi wastaafu, huenda baadhi walikuwa na sukari ya chini kwa sababu walikuwa wamekwisha kudhoofika: hawali, wamekonda, figo na ini zimechoka. Kwao sukari ya chini ilikuwa dalili ya udhaifu, wala si chanzo cha kifo. Aidha, kipimo chenyewe hutegemea damu, na mtu aliyepoteza damu au aliyeongezewa damu karibuni aweza kupata jibu la kupotosha. Lakini ule uchunguzi wa mwaka 2008 ulikuwa wa kugawanya watu kwa bahati nasibu, na matokeo yake hayawezi kuondolewa kwa hoja hiyo. Kwa hiyo mafunzo ni mawili. Sukari ya chini kwa mgonjwa wa moyo isishangiliwe mpaka ijulikane imeshukaje. Na kuiteremsha kwa nguvu kupita kiasi si jambo lisilo na gharama.

Gharama hiyo ni ipi? Sukari ikishuka chini ya takriban milimoli 4 kwa lita, mwili hupiga king'ora. Mtu hutokwa na jasho jembamba, hutetemeka, moyo humwenda mbio, akili huchanganyikiwa. Kwa kijana mwenye moyo mzima hayo ni mateso ya muda mfupi. Kwa mtu ambaye moyo wake umedhoofika, mbio hizo zaweza kuuvuruga mdundo wake hata ukasimama. Tena baadhi ya dawa za moyo zenyewe huficha dalili hizo: mapigo hayaendi mbio, mikono haitetemeki, na linalobaki kumwonya mgonjwa ni jasho peke yake. Jamaa wanapomwona mzee amelowa jasho na anasema maneno yasiyoeleweka, wengine hudhani amechoka, wengine hudhani amerogwa. Kumbe anahitaji kikombe cha chai yenye sukari, upesi, kisha chakula.

Tatizo hili huletwa hasa na insulini na baadhi ya vidonge vya zamani. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kidonge cha glibenklamidi hakiwafai watu waliopita umri wa miaka 60, kwa kuwa huishusha sukari kwa muda mrefu. Yafaa kila mwenye mzazi wa umri huo aufungue ule mfuko wa dawa, asome majina, na akilikuta jina hilo amuulize daktari au mfamasia. Sisemi mtu aache dawa kwa kusoma gazeti. Nasema aulize.

Na katika Igembe kuna jambo moja ambalo haliwezi kupitwa kimya. Miraa ni karo, ni nyumba, ni chakula cha maelfu ya watu, na soko lake lilipofungwa nchini Uingereza mwaka 2014 wakulima waliumia sana. Hata hivyo, kulima ni jambo moja na kutafuna ni jambo jingine. Miraa huyapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na huondoa hamu ya kula. Mgonjwa anayemeza kidonge cha kisukari alasiri, akatafuna hadi usiku bila chakula, huwa anaiteremsha sukari yake gizani. Kisha anapoteremshia soda chupa mbili, huirusha juu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, wa wagonjwa wa mshtuko wa moyo katika nchi za Ghuba pamoja na Yemen, ulikuta vifo vingi zaidi miongoni mwa waliokuwa wakitafuna. Mwenye moyo uliodhoofika na auze miraa, lakini asiitafune.

Zipo habari njema pia, na zinathibitisha hoja yetu kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walipata katika gome la mtofaa kitu ambacho baadaye kilionekana kuzifanya figo zitoe sukari kupitia mkojo. Kutokana na wazo hilo, zaidi ya miaka 150 baadaye, zilitengenezwa dawa kama vile empagliflozini na dapagliflozini. Zilikusudiwa kutibu kisukari. Lakini mwaka 2015 ilionekana kwamba empagliflozini ilipunguza vifo vya maradhi ya moyo pamoja na kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa. Mwaka 2019 dapagliflozini ilijaribiwa kwa wagonjwa 4,744 wa moyo kushindwa, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na kisukari hata kidogo. Vifo vya moyo na kuzorota kwa ugonjwa vilipungua kwa asilimia 26, na waliofaidika ni wenye kisukari na wasio nacho sawia.

Tafakari maana ya jambo hilo. Dawa hizi haziishushi sukari sana. Kwa asiye na kisukari haziishushi kwa kiasi cha maana. Na bado zinaongeza maisha, kwa kuzipunguzia figo na moyo mzigo. Kwa upande mwingine, zipo dawa za kisukari zilizoishusha sukari vizuri lakini zikajaza maji mwilini, hata mwaka 2007 serikali ya Marekani ikaamuru pakiti za rosiglitazoni na pioglitazoni ziandikwe onyo kali kuhusu moyo kushindwa. Namba ilikuwa nzuri, mgonjwa akawa mbaya. Ni wazi basi kwamba haitoshi kuuliza sukari imeshuka kiasi gani. Sharti tuulize imeshushwa kwa njia gani.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mpya katika orodha ya dawa za lazima kwa wagonjwa wa kisukari. Nazo zina masharti yake: hazimfai kila mtu, huweza kuleta maambukizi sehemu za siri, na mgonjwa anayetapika au asiyekula hupaswa kuzisimamisha kwa ushauri wa daktari. Lakini orodha haimponyi mtu. Dawa iliyo katika orodha ya Geneva na isiyo katika duka la dawa la Maua kwa bei ambayo mkulima ataimudu, kwa mkulima huyo haipo.

Hapo ndipo lilipo jukumu la umma. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya tisa kati ya kumi waliokomaa hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Chambilecho wahenga, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu hakuyaficha, hakuna aliyemwambia anayo. Na hata aliyepimwa, mara nyingi amechomwa kidole tu. Kipimo cha kidole ni kizuri, lakini hueleza hali ya dakika ile. Ni sawa na kumtahini mwanafunzi kwa swali moja mlangoni, kisha ukampa alama za muhula mzima. HbA1c ndiyo ripoti ya muhula. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na sukari hunata juu yake kidogo kidogo kama vumbi jekundu la Nyambene linavyonata kwenye shati jeupe. Ukilitazama shati utajua limetembea kiasi gani.

Huduma za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013, na tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Wahusika wote wawili wanapaswa kuhakikisha kwamba mgonjwa mwenye kisukari na moyo uliodhoofika anapata kipimo hicho karibu na kwake, walau mara mbili kwa mwaka, bila kuuza mbuzi. Aidha, si haki mgonjwa mmoja kuhudhuria kliniki ya kisukari Jumanne na ya moyo Alhamisi, akiwa na madaftari mawili yasiyosomana, huyu akimwongezea dawa ambayo yule hajui. Mwili ni mmoja; daftari na liwe moja.

Shuleni nako kuna kazi. Katika somo la Biolojia tunawafundisha watoto kongosho na insulini, wanachora, wanapata alama, na jambo linaishia hapo. Laiti mwalimu angeongeza kipindi kimoja cha mambo ya nyumbani: kwamba mgonjwa wa moyo apimwe uzito kila asubuhi, na akiongezeka kilo mbili katika siku tatu apelekwe hospitali, kwani hayo ni maji wala si unene, kwamba chumvi ipunguzwe, kwamba asinyimwe chakula, bali apewe kwa kiasi na kwa saa zake, nduma kidogo, maharagwe, mboga, na kwamba jasho la ghafla ni onyo. Mtoto wa kidato cha pili anayeyajua hayo anaweza kumwokoa babu yake usiku ambao hakuna gari la kwenda Maua.

Na yule mwalimu mstaafu, jibu lake ni lipi? Kwa wagonjwa wengi walio kama yeye, madaktari siku hizi hulenga HbA1c ya kati ya asilimia 7 na 8, yaani wastani wa sukari wa karibu milimoli 8.6 hadi 10.2 kwa lita. Daktari wake ndiye atakayekikata kiwango kinachomfaa. Lakini yeye na jamaa zake wanaweza kuanza leo kwa kuacha kuishangilia namba ya chini na kuihofu sahani ya chakula. Mezani mwake na arudishiwe kipande cha nduma. Amefundisha watu kwa miaka thelathini. Si haki afe kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula, huku waliomnyima wakiamini kwamba wanamponya.